Bwana Harusi Nyuma ya Kamera

"Sogea kushoto kidogo, Rose. Hapo hapo. Usitikisike."

Roselyne alisogea. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu, na mwenye kiti, mchumba wake Alfayo, alikuwa nyuma ya kamera akihangaika na taa. Alfayo ni mwongozaji wa tamthilia za televisheni, na waigizaji wa Birmingham, Uingereza, humsifu kwa kujua mapenzi yanavyosemwa. Kwa Roselyne alikuwa mtu wa meseji: "Nachelewa babe, tunarudia scene." Binti wa watu alitoka zamu hospitalini Harborne, akapika, akangoja, akaishia kula peke yake kwenye flati yake ya Ladywood. Upweke wa kuwa na mtu ni mbaya, jamani, maana hata pa kulalamika huna.

Siku hiyo wazee wa kwao Roselyne, Vihiga nchini Kenya, walikuwa kwenye video kumpokea mchumba. Shangazi walikuwa wamejipanga, vigelegele mdomoni. Baba, kama ilivyo desturi, akamuuliza bintiye mbele ya wote:

"Roselyne, huyu kijana anayetaka kukuoa, unamjua?"

Jibu linajulikana. Msichana husema namjua, vigelegele vinapigwa, chai inamiminwa. Akikana, shughuli imekwisha.

Roselyne alikitazama kile kiti.

"Simjui, Baba."

Shangazi wakatazamana. Alfayo, kazi imeshamwingia mwilini, akanong'ona kutoka nyuma ya taa:

"Cut. Rose, tuanze tena. Sema namjua."

"Hii si scene, Alfa," alisema Roselyne, machozi yakimtoka. "Mimi wewe nakujua sauti tu."

Hapo ndipo Alfayo alipojitokeza. Alikaa kitini, nusu ya uso nje ya picha, hajui aiweke wapi mikono.

"Mzee, amesema kweli. Nimemwacha peke yake mno. Lakini nampenda."

Baba alimkagua kwa muda, maana ndiyo kwanza anamwona.

"Basi mjuane kwanza. Mkijuana mtupigie, nimuulize tena."

Simu ikakatika. Taa zilibaki zinawaka, hakuna aliyezijali. Alfayo akamuuliza wiki ilikuwaje kazini, na Roselyne akamweleza habari za bibi mmoja mgonjwa aliyefariki Jumanne, watoto wake wakiwa bado njiani. Alisimulia harakaharaka, akitegemea kukatizwa.

"Alikufa peke yake?" Alfayo aliuliza.

"Hapana. Nilikuwepo mimi."

Alfayo akamshika mkono, na Roselyne hakuutoa.