Saa Iliyozeeshwa Shambani

Jumamosi asubuhi, familia ya marehemu Mzee Ambani wa Shinyalu ilikaa kwenye nyasi kugawana vitu vyake. Koti likaenda kwa ndugu yake. Fimbo ya kuongozea fahali ikaenda kwa mjukuu. Ikabaki saa ya mkononi, ambayo ilikuwa iende kwa Andati, mwana mkubwa.

Mjane, Mama Mildred, aliitoa kwenye kisanduku, akaipangusa kwa leso, akaigeuza. Mkono wa Andati ulikuwa tayari umenyooshwa, lakini mama hakumpa.

"Hii si saa ya baba yenu," alisema.

Sajini Wandera, afisa wa upelelezi kutoka Kakamega mjini, aliitwa, akafika saa saba mchana. Akamkuta Andati ameshahukumu kesi. Ufunguo wa kisanduku ulikaa na Muhonja, mjane wa mdogo wake, ambaye ndiye aliyemuuguza mzee. Kwa hiyo mwizi ni Muhonja. Alikuwa amemwambia jua likitua awe amechukua watoto wake na kurudi kwao. Muhonja alikaa mlangoni pa jikoni, ufunguo mkononi. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia nyumba yake kama mtu anayehesabu matofali yake.

"Na shamba lake linapakana na la nani?" Wandera aliuliza.

"Langu," Andati akajibu. "Unataka kusema nini, afande?"

"Sijasema bado."

Alianza na mama mwenyewe. Saa hiyo ilikuwa ya Uswisi, zawadi ya mzungu ambaye mzee alimwendeshea gari ujanani. Mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Kisumu aliwahi kuijia mara mbili, akakataliwa. Mama alijuaje kwamba hii ni nyingine?

"Mzee alikuwa mtu wa fahali wa kupigana," mama alisema. "Kamba ya fahali ingevunja kioo. Kwa hiyo alikuwa anavaanga kioo kikiangalia chini, upande wa kiganja. Chuma cha kufungia mkanda ndicho kilikuwa kinaumianga. Sasa angalia hii."

Wandera akaangalia. Kioo kilijaa mikwaruzo. Chuma cha mkanda kiling'aa kama kijiko kipya. Mkanda wa ngozi ulikuwa mweusi kwa jasho, na ulikuwa na mkunjo mmoja mzito, kwenye tundu la pili kutoka mwisho.

Aliyeitengeneza alijua saa huzeeka. Hakujua huyu mzee aliivaaje. Mama alijua. Andati aliyeshika kamba ya fahali na baba yake alijua pia, hata kama alilitamani shamba la Muhonja. Lakini fahali wa mwisho aliuzwa kabla ya watu wawili kuingia katika familia hiyo: Muhonja, na Griffin, mume wa binti yao Michelle. Hao walimjua mzee akiwa kitandani, saa ikiwa kisandukuni kwa sababu mkono ulikuwa umekonda.

Muhonja hakujitetea sana. Alisema ufunguo ulitundikwa msumarini nyuma ya mlango wa mzee, na kila aliyeingia aliuona. Nani aliwahi kuachwa humo peke yake? Akafikiri. Ni mkwe, mara mbili: siku alipokuja kutangaza kwamba ataleta mahari, na tena zaidi ya mwezi baadaye. Mama hawezi kuketi chumba kimoja na mkwewe, ni mwiko, na yeye Muhonja alikuwa jikoni akipika ingokho, kuku wa mgeni. Macho ya mzee nayo hayakuwa yakiona tena.

Griffin alikuwa chini ya paa la ghala, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono, jasho likimtoka. Alikaa mtaa wa Shieywe na kazi yake ilikuwa kusimamia wakata miwa upande wa Butere. Alijibu kwa adabu. Wandera alipomuuliza ni saa ngapi, alitoa simu mfukoni.

"Mambo ya saa ni ya wazee, afande. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuvaa."

"Na yule fahali mwekundu aliyefungwa pale mgombani?"

"Ni mahari yangu. Nilimleta mzee akiwa hai. Akanibariki."

"Na pesa yenu ya miwa, kiwanda kimeshaitoa?"

Griffin akacheka kidogo. "Itatoka."

Wandera akarudi mjini na ile saa. Mafundi wa saa Kakamega si wengi. Wa tatu aliyemwonyesha alikuwa Beverlyne, mwanamke wa maneno mengi mwenye kibanda karibu na soko, naye hakuikana.

"Hii ni kazi yangu, na si kosa. Vijana wananiletea saa mpya wanataka zionekane za babu zao. Uso naupaka majani ya chai, kioo nakipitisha msasa. Huyu alinitumia picha kwa simu, akamtuma bodaboda. Hakuwahi kupiga, aliandika tu, na laini sasa imezimwa."

"Na mkanda?"

"Huo sikuuweza. Ngozi haidanganywi, afande. Nilimwandikia aivae mwenyewe mwezi mzima, afanye nayo kazi juani. Naona alinisikia."

Wandera alirudi Shinyalu jua likiwa limebaki mkono mmoja juu ya miti. Watoto wa Muhonja walikuwa wamekalia mifuko yao. Akawaita wote nyasini na kueleza aliyoambiwa na fundi. Kisha akamfunga Muhonja saa ile kwenye ule mkunjo. Ikateleza hadi kiwikoni.

"Mkunjo huu ni wa mkono mnene," akasema. "Bwana Griffin, kunja shati."

"Mikono minene iko mingi hapa."

"Ndiyo. Kunja tu."

Hakukunja. Andati ndiye aliyemfungua kifungo, bila kuuliza. Mkono wa Griffin ulikuwa umechomwa na jua la mashamba ya miwa, isipokuwa mahali pamoja: mstari wa ngozi isiyoungua kuzunguka kifundo, na duara katikati, ukubwa wa saa.

Wandera akaiweka saa juu ya duara. Ikakaa.

"Tangu uzaliwe hujawahi kuvaa," alisema.

Griffin akaketi chini. Alizungumza akiangalia nyasi. Mzee alikuwa karibu kufa, na pesa ya miwa haikutoka. Mkwe asiyelipa mahari husimama nje ya ua mzee akizikwa, watu wakimwonyesha kidole. Aliuza saa Kisumu, akanunua fahali.

"Nilitaka kusimama kaburini kama mtu," alisema. "Muhonja sikumfikiria."

"Ulijua ufunguo ni wake," Wandera akasema, akamfunga pingu.

Kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni, asikoweza kuonana na mkwewe, Mama Mildred akazungumza polepole.

"Andati, mwambie mkwe. Fahali huyo alinunuliwa na baba yenu. Mahari ya Michelle bado."

Jua lilikuwa limetua. Andati alikwenda mlangoni pa jikoni, akaomba maji. Muhonja akamchotea. Halafu akauchukua ule ufunguo, akaufunga kwenye pindo la leso yake, akaanza kuirudisha mifuko ya watoto ndani.