Kazi Aliyoiacha Cornel

Magesa alikuwa amekaa pale pale, tonge la ugali mkononi, wenzake saba wanamwona, spika ikamwita.

"Magesa, njoo mdomoni mwa duara. Magesa, njoo mdomoni mwa duara."

Wenzake wakacheka. Mmoja akamwambia aende haraka, huenda kaletewa mchumba. Magesa naye akacheka, akamalizia dagaa zake. Asiyecheka alikuwa mkewe, Asteria, karani wa ule mgodi mdogo nje ya Masumbwe, maana programu ya kuita majina alikuwa ameifunga tangu asubuhi.

Programu gani? Ngoja nikueleze, usinikatize. Aliitengeneza marehemu Cornel, karani wa kabla yake, na tusimnyime haki yake, yule bwana kichwa alikuwa nacho. Alirekodi majina ya wachimbaji wote kwa sauti yake mwenyewe. Anayechelewa kutoka shimoni, ambako wao hukuita duarani, kompyuta inamwita kwa spika mpaka atokee. Basi wiki tatu nyuma duara likaporomoka, wakatoka wote isipokuwa Magesa. Cornel akaiamuru kompyuta imwite Magesa bila kukoma, hata yeye akiondoka, hata dirisha la programu likifungwa. Kisha akajifunga kamba, akashuka kumtafuta. Magesa akatokea kwenye tundu la duara la jirani. Cornel hakutoka hadi leo. Kompyuta ikazimwa, haikuwashwa tena mpaka asubuhi ile.

Asteria alirudi ofisini akahakikisha. Kweli, dirisha lilikuwa limefungwa, lakini programu yenyewe ilikuwa inaendelea chinichini, vile vile Cornel alivyoiagiza. Akaitafuta kwenye orodha ya kazi za kompyuta, akaisimamisha. Akazima kompyuta. Akachomoa waya za betri, akachomoa na za spika, mtoto wa watu hakutaka mzaha.

Saa nane mchana, jua kali, spika isiyo na waya hata moja ikaita tena. Magesa akasimama, akapiga hatua sita kuelekea duarani, ndipo akashtuka.

"Nilikuwa naenda wapi?" akauliza.

Hakuna aliyecheka safari hii.

Kesho yake zilikuwa hatua thelathini. Wakafungasha, wakakimbilia Didia kwa wazazi wa Magesa, wakidhani wameokoka, na siku ya pili, baba mkwe anasikiliza taarifa ya habari barazani, redio ikakohoa, ikatoa sauti ya Cornel, nayo ikaita mara mbili kwa upole, kama alivyokuwa akiwaita siku zote. Magesa akatupa jembe. Walimkamata barabarani, peku, anaelekea Masumbwe, na ingawa kiangazi kilikuwa kimekausha hata visima, suruali yake ilikuwa imelowa tope hadi magotini, na mwilini alinuka udongo wa chini kabisa, ule usiojua jua, harufu ambayo Asteria alimsugulia kwa sabuni na majivu na ndimu mpaka ngozi ikachubuka, na alipomaliza, akainusa mikono yake mwenyewe, akaikuta humo. Akalia kwa hofu, wala hakuona haya mbele ya wakwe.

"Turudi," akamnong'oneza mumewe. "Tukalimalize huko huko lilikoanzia."

Wakamleta mgodini amefungwa kamba kiunoni, ncha ya pili wakaifunga kwenye nguzo ya winchi. Asteria akamwita Mbuke, mganga mzee ambaye wote humwita mayu, yaani mama.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo ana hali gani?"

"Anavutwa. Nimezima kila kitu, mayu. Kila kitu."

Mbuke akasogeza pua kwenye spika, akanusa, akarudi nyuma haraka.

"Umezima chombo," akasema kwa sauti ya chini. "Aliyeianzisha kazi hajasema basi, na amekufa. Jini limekuta kazi haina mwenyewe, limeishika. Mimi silitoi hili. Mtu wa Cornel ndiye aliambie basi."

"Mtu gani?"

"Mkewe yupo. Mleteni."

Rhoda, mjane wa Cornel, alifika na nguo zake za msiba. Alisikiliza yote, hakubisha.

"Nitasema basi," akasema. "Neno moja tu, halinigharimu. Ila Magesa aniambie kwanza. Mume wangu ulimkutaje kule chini?"

"Nilishasema, Mama Eliya. Nilimkuta ameshakufa."

"Sema tena. Niangalie usoni."

Spika ikaita. Magesa akajikokota kuelekea duarani mpaka kamba ikamsimamisha, hatua tatu tu kutoka ukingoni, na huko, mgongo akiwa amewapa wote, yakamtoka.

"Alikuwa hai. Jiwe limembana mguu. Alinishika shati, akaniambia nisimwache, na udongo ulikuwa unamwagika, Mama Eliya, nikaogopa, nikambandua vidole kimoja kimoja. Nilipotoka nikaona aibu. Nikawaambia waokoaji amekufa."

"Nao wakaacha kuchimba," akasema Rhoda.

"Wakaacha."

Asteria hakuwa anajua. Wallahi hakuwa anajua, alimtazama mumewe kama mgeni. Hata hivyo mume ni mume, akapiga magoti mbele ya Rhoda.

"Dada yangu, nakuomba. Sema basi. Nina watoto watatu."

"Najua. Wangu wawili."

Rhoda akaiendea spika. Akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

"Unanisikia?" Rhoda akauliza.

Spika ikakohoa.

"Mimi ndiye mke wa Cornel. Kazi aliyokupa, imalize."

Akageuka, akashika njia ya nyumbani bila kumtazama mtu. Spika ikaita, na haikungoja tena, ikaita, ikaita, na nguzo ya winchi aliyofungiwa Magesa ikaanza kung'oka ardhini.