Sema Kasafiri

Rhobi alipofunga saluni yake pale Nkende asubuhi ile, wateja walimcheka. Mwanamke wa Tarime anakwenda kupumzika kisiwani, peke yake, hakuna msiba wala harusi? Alicheka nao, akavaa miwani ya jua, akapanda basi la Musoma. Hawakujua kwamba alikuwa anakwenda kutafuta ujasiri. Akirudi, angepitia Nyanungu kwa mama mkwe wake, amchukue binti yake Precious, na asimrudishe tena.

Mama mkwe huyo, Waisiko, hakujaliwa mtoto wa kiume. Akafanya kama wafanyavyo Wakurya wenye nyumba isiyo na mrithi: alitoa ng'ombe, akamwoa Rhobi kwa jina la Heche, mwana ambaye hakuwahi kumzaa. Kwetu hilo si ajabu. Rhobi akapata mtoto na mwanamume wa kutafutiwa, mtoto akaitwa wa Heche, na kwa mila akawa wa nyumba ya Waisiko. Bikizee alimpa sharti moja tu siku ya kwanza.

"Ukiulizwa mumeo, sema kasafiri. Usije ukasema anakuja."

Miaka yote Rhobi alisema kasafiri.

Kisiwa kilikuwa kizuri, tusikinyime sifa. Mawe makubwa, mchanga mweupe, migomba iliyoshuka mpaka karibu na maji, na nyumba ndogo ya wageni iliyotunzwa na mama mmoja mcheshi, Agustina. Kero ilikuwa Sadock, kijana wa boti. Tangu waliposhuka alimganda kama kupe.

"Dada, mrembo hivi uko peke yako?"

"Mume wangu Heche anakuja," Rhobi akajibu bila kufikiri, apate tu kumwondoa. "Yuko nyuma yangu."

Sadock akatazama ziwa nyuma ya Rhobi. Akasukuma boti lake, akaondoka bila kuaga. Rhobi alijipongeza, akatandika khanga kivulini, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu aolewe.

Kesho yake asubuhi Agustina alileta chai. Vikombe viwili.

"Hiki cha nani?"

"Cha shemeji. Si yule kule anaoga?" Agustina hakuwa na ucheshi tena. Aliweka sinia chini, akasogea karibu, akanong'ona. "Samahani, Mama Precious, nikuulize kitu."

Rhobi hakuwa amemtajia mtu yeyote pale jina la mwanawe.

"Mumeo ana nini tumboni? Nimemwona akitoka majini. Hana kitovu, dada. Pako laini tu, kama paji la uso."

Rhobi alikimbia ufukweni. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo kubwa, pana, zilizotoka ziwani zikaja mpaka chini ya dirisha lake. Pale zilididimia sana, kama za mtu aliyesimama muda mrefu. Kisha zikarudi majini, upande wa Musoma.

"Alikuuliza chochote?"

"Aliuliza mtoto yuko kwa nani. Nikamwambia sijui. Akasema ataipata njia."

Rhobi akapiga simu Nyanungu. Iliita, ikakatika. Akapiga tena. Hata shikamoo hakuitoa.

"Mama, mfungie Precious ndani. Tafadhali. Kuna mtu anakuja."

Upande wa pili Waisiko alikuwa analia. Alikuwa analia kwa furaha.

"Ameshafika, Rhobi. Mwanangu ameshafika. Mtoto anamwita tata, kama baba yake kabisa."

"Mfukuze! Mama, nakupigia magoti, mfukuze!"

"Nimfukuzie wapi?" Sauti ya bikizee ilishuka. "Aliyekufa ana kaburi, unamrudisha. Huyu hana alikotoka."

Simu ikazima.

Ziwa lilichafuka. Sadock alikuwa amerudi na boti, lakini alikataa kuvuka. Rhobi alimshika miguu, akalia mpaka sauti ikakauka, na mchana ndipo kijana alipomhurumia. Njia nzima alisali. Alimwomba Mungu, akaiomba mizimu ya ukoo, mwisho akamwomba Heche mwenyewe. Nichukue mimi. Usimguse. Nichukue mimi.

Bodaboda ilimfikisha Nyanungu jua likikaribia kuzama. Precious alikuwa uani, mzima, anakimbiza vifaranga. Rhobi alimbana kifuani mpaka mtoto akalalamika anaumia. Waisiko alikuwa ameketi mlangoni, macho mekundu, uso umechoka lakini una raha, kama wa mzazi siku ya kwanza.

"Namchukua mwanangu, mama," Rhobi alisema. Alisubiri kelele. Alisubiri wazee waitwe.

Bikizee hakuinuka hata kwenye kigoda.

"Mchukue. Mimi wangu nimempata."

"Yuko wapi?"

"Kasafiri."

Usiku huo walilala Nkende, mtoto amekumbatiwa, mlango umezuiwa kwa meza. Hakuna kilichobisha. Asubuhi Rhobi aliimba, mara ya kwanza kwa muda mrefu, akachemsha maji amwogeshe Precious uani. Alisugua mgongo. Akasugua mikono. Akashuka tumboni. Kitambaa kikapita moja kwa moja. Akakirudisha. Kikapita tena. Akakitupa, akapapasa kwa kidole.

Palikuwa laini tu.

"Tata aliniomba," Precious alisema, anachezea povu. "Yeye hana, maskini. Nikampa. Bibi akamfungia na uzi."

Sisi majirani tulisikia beseni likipinduka, tukakimbilia pale. Tuliona wenyewe. Tangu siku ile hakuna mtu mtaani anayemuuliza Rhobi mume wake yuko wapi.