Laptopu ya Atupele Haizimwi

Sogeeni huku, tena mlango ufungeni, maana hii sauti yangu mnaijua. Nikiyasema ya hapa Bulyaga, watayasikia mpaka Ikuti.

Jioni hiyo Atupele alifunga laptopu kwenye kanga, mwanawe Lugano mgongoni, akateremka kwa Jumaa fundi kule karibu na stendi. Ukungu umeshuka, manyunyu hayaishi. Laptopu ya moto kama kiazi kimetoka jikoni! Na hiyo ndiyo shida yenyewe.

"Kaka Jumaa, hii kitu haitaki kulala. Nikiifunika, inawaka. Pale pa kuizimia na kuilazia hapapo tena. Nikikandamiza kitufe mpaka izimike, asubuhi naikuta inawaka. Itaungua, na ndiyo steshenari yangu yote hii."

Jumaa akacheka. "Mama Lugano, labda usiku inaangalia tamthilia."

Akabofya, akabofya. Palipotakiwa kuwa na kuzima na kulaza, pameandikwa tu kwamba hakuna cha kuchagua. Akafungua kidirisha cheusi, akaandika mambo yake marefu marefu, akapiga enta. Akaandika tena.

Kisha akaacha kucheka.

"Dada, hii si virusi. Mtu kaficha kuzima na kulaza makusudi. Nani mwingine anaishika?"

Atupele moyoni akasema, Doreen. Wifi yake huyo, kamaliza fomu foo, kutwa na masimu. Nani mwingine? Mume yuko safarini na lori la chai. Na baba mkwe... baba mkwe hata simu ya tochi inamshinda.

Halafu huyo baba mkwe, Atupele hata sura yake hakuijua vizuri. Kwetu mkwe wa kike hamtazami baba wa mumewe. Akipita unapisha, unajifunika kanga, na jina lake hulitaji. Wasichana wa siku hizi wengi wameacha. Atupele hakuacha. Yule mzee alimjua kwa kikohozi, na kwa kivuli cha kitambi kwenye pazia la chumba chake. Kitambi hicho! Mtu miguu kama ya korongo, tumbo utadhani kabeba mapacha! Nilikuwa namcheka mpaka nashika mbavu.

Nilikuwa.

Jumaa akapuliza kibodi kutoa vumbi. Kitu kikadondoka mezani. Chembamba, kinang'aa, kama ganda la kitunguu.

"Unakatia vitunguu juu ya kompyuta, dada?"

Atupele akakinusa. Tope la mtoni... na maziwa yaliyochacha. Akakitupa, akajifuta mkono kwenye kitenge.

"Haya, kuzima ipo, kulaza ipo," Jumaa akamwambia. "Ukiifunika tu inalala. Na nywila nimekubadilishia, huyo mtu wako asiingie tena."

"Ndaga fijo, kaka."

"Ndaga, ndaga! Asante zenu nimeshazijua, hicho Kinyakyusa kingine kinanishinda."

Nyumbani Atupele akaiweka palepale pa siku zote, meza ya sebuleni, jirani na mlango wa baba mkwe, maana soketi nzima iko hapo tu. Akaifunika. Kitaa kikafifia, feni ikanyamaza. Akamlaza Lugano kitandani kwake, akaenda jikoni kuinjika ndizi kwenye gesi.

Doreen akaingia, kalowa. Akapitisha mkono juu ya laptopu. Akaurudisha upesi kama kaungua... na laptopu ilikuwa imepoa.

"Wifi. Nani kaizima?"

"Mwenye nayo! Kumbe ni wewe uliyeficha kuzima. Kataa nikusikie!"

Doreen hakukataa. Akasogea karibu, akanong'ona. "Wifi, ulipoleta gesi ukang'oa mafiga, hukuuliza ni nani alikuwa anaota moto hapo usiku."

"Nani?"

Doreen akatazama pazia la baba yake. Halafu akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Srrrr...

Kama gunia linaburutwa kwenye saruji. Na ile harufu. Tope, na maziwa.

Atupele akakimbia. Kwenye korido, pazia la mzee liko wazi. Akatazama. Tangu aolewe, mara ya kwanza kutazama. Mzee kalala chali, mdomo wazi, macho wazi. Shati limebonyea. Tumbo hakuna! Limeshikana na mgongo kama mfuko mtupu.

Chumbani kwake mwenyewe, kimya. Blanketi limeinuka mlima. Linapanda... linashuka... polepole mno kwa pumzi za mtoto.

Akaingiza mkono.

Baridi. Nene kama paja. Limemzunguka Lugano mizunguko, halijambana. Linaota joto lake tu.

"Usilivute!" Doreen kasimama mlangoni na laptopu kifuani. "Nywila, wifi! Iwashe!"

Vidole vya Atupele vikakosea. Vikakosea tena. Ikafunguka. Akawasha kila kilichomo humo, mavideo, mamuziki, mpaka feni ikaanza kulia. Wakaiweka sakafuni, wakageukia ukuta.

Srrrr...

Kikawapita miguuni.

Lugano alikuwa wa baridi kama maji ya kisima. Mama yake akamsugua, akamsugua. Ndipo akalia, na mimi nilikisikia kilio hicho kutoka kwangu, nyumba ya pili.

Mume aliporudi akasema ni chatu tu, kaingia kutoka migombani kukimbia mvua. Labda. Mimi sikuwepo chumbani. Ila asubuhi iliyofuata usiku ule, Atupele alikuwa wa kwanza kwa Jumaa.

"Irudishe ilivyokuwa."

"Nifiche tena? Dada, si itaungua?"

"Ficha. Kuzima, kulaza, futa yote."

Sasa steshenari anaazima kompyuta ya mwenzake, na jikoni mafiga yamerudi, kuni zinawaka pembeni ya gesi, maana umeme wetu mnaujua.

Jioni ya siku ile, aliporudi kutoka kwa Jumaa, aliiweka laptopu mezani, ya moto, kajifunika kanga usoni kama adabu inavyotaka. Nyuma ya pazia kikohozi. Halafu sauti ambayo haijawahi kumsemesha.

"Ndaga fijo, mwanangu."

Na kwenye pazia, kivuli cha kitambi kikapanda... kikashuka.