Waya Uliolegezwa

Jumamosi moja ya mwaka 1955 soko la Thika lilikuwa limefurika watu mpaka nje ya lango. Wakonyo alijipenyeza na kapu la mbilingani na bamia za nyumba ya Bwana Kantilal, alikofanya kazi. Alivaa gauni la maua ya buluu na kitambaa cheupe kichwani. Mtu akamgonga begani. Bamia zikamwagika, na pamoja nazo spana mbili na msumeno wa chuma.

"Nisamehe, dada. Nianze kuokota zako au zangu?"

"Zangu. Za chuma hazipondeki zikikanyagwa."

Kijana akacheka, akainama. Aliitwa Nzioka, fundi wa mabomba kutoka Ruiru, mrefu, kofia ya kaki imekaa upande. Alikuwa akitafuta nyumba ya Mhindi mmoja ambaye choo chake kilivuja. Kumbe ni kwa Kantilal huyo huyo. Wakafuatana.

Choo chenyewe kilikuwa na tangi juu ukutani na mnyororo wa kuvutia. Bomba lilishuka kutoka kwenye tangi hadi kwenye bakuli, na pale lilipoingia ndipo maji yalipotoka yakatapakaa sakafuni. Nzioka alitoa raba iliyochakaa, akavisha mpya, akaikaza kwa waya wa shaba. Wakonyo akavuta mnyororo. Maji yakashuka kwa kishindo, na hakuna tone lililodondoka.

"Sasa nitapata wapi sababu ya kurudi?" Nzioka akauliza.

"Omba Mungu kivuje."

Kikavuja. Nzioka akaitwa tena, na safari hii alikaa jikoni mpaka chai ikapoa. Baada ya hapo zikaanza simu, Mama Hemlata, mkewe Kantilal, akishakwenda dukani kwa mumewe.

"Hapa ni kwa Bwana Kantilal."

"Na huku ni kwa mtu asiyepata usingizi. Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na usiniite mpenzi kwa simu ya watu."

"Nikuiteje basi?"

"Niite jina langu, polepole."

Mara ya tatu maji yalipita chini ya mlango yakaloweka zulia ambalo Mama Hemlata alipewa na mamake siku ya harusi. Akawaita wote wawili.

"Choo yangu inavuja kila siku. Fundi, raba yako ni mbaya?"

"Raba ni nzuri, mama."

"Basi nani anaharibu?"

Nzioka alitazama spana mkononi. "Labda mnyororo unavutwa kwa nguvu. Bomba linatikisika, waya unalegea."

Aliyekiosha choo kile na kuuvuta mnyororo ule alijulikana. Jioni hiyo Wakonyo alifungasha nguo zake.

Wakati ule wa Hali ya Hatari, Mkikuyu asiye na mwajiri hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Kama si tata, yaani shangazi yake Wamboi, aliyechuma kahawa Ruiru na kumbembeleza nyapara ampe kazi, angepakiwa kwenye lori arudishwe kwao. Hata hivyo hakumlaumu Nzioka. Fundi alisema alichokiona, alijiambia. Huenda mkono wangu ni mzito kweli.

Nzioka alimfuata huko Jumapili moja, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Wakaketi kwenye gogo nje ya nyumba ya tata.

"Wakonyo, nataka kukuoa. Hujui nilivyokupenda. Baada ya ile raba mpya, kile choo hakikuwa na kasoro yoyote. Kila nikimaliza, nilikuwa naulegeza waya kidogo, ili niitwe tena."

Alisubiri acheke. Wakonyo alitazama vidole vyake vilivyochubuliwa na kahawa.

"Siku ile mama alipouliza, ulijua."

"Nilijua. Lakini ningesema, nani angeniita tena Thika?"

"Ukanitoa mimi kafara."

"Sikufikiri angekufukuza."

"Wewe ni Mkamba, Nzioka. Polisi wakikusimamisha unataja kabila lako unapita. Mimi niliketishwa kwenye kizuizi juani, mikono kichwani, nikiulizwa mwajiri wangu ni nani. Na hata hapo nilikuwa nakutetea moyoni."

Akainuka, akaingia ndani, akamwacha na koti lake.

Haki yake apewe: kesho yake Nzioka alikwenda Thika akamweleza Mama Hemlata kila kitu. Naye mama akaja shambani mwenyewe kwa gari, sari ya kijani ameikunja isiguse matope.

"Nimekukosea," alisema. "Rudi nyumbani."

Wakonyo akarudi. Mwezi uliofuata Nzioka alibisha mlango wa nyuma, amekonda.

"Nimesema ukweli, na kazi zimenikauka mji mzima. Bado ni hapana?"

"Ungesema siku ile, mimi nikiwa nimesimama pale, ningekufuata Ukambani kwa miguu."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Hilo ndilo linaloniumiza. Lakini nikiishi nawe, kila kitakachoharibika nyumbani nitajiuliza ni mkono wa nani."

Nzioka alivaa kofia yake. Akashuka kichochoro polepole. Wakonyo alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona kwenye duka la vitambaa, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Ndani, Mama Hemlata akamwita. Akaitika, akafunga mlango.