Jina la Ugonjwa wa Mama

Mama alikuwa fundi cherehani. Binti yake alikuwa msusi. Walifanyia kazi katika chumba kimoja cha mbele: cherehani upande wa dirisha, kiti cha kusukia upande wa mlango. Wateja walipenda kukaa humo, maana mama na binti walitaniana kutwa nzima.

Kisha mama akaota uvimbe kwenye titi, na utani ukakatika. Walikwenda hospitali pamoja. Alipimwa, na daktari akawaambia bila kuficha.

"Ni saratani, mama. Lakini umeiwahi. Tukupangie siku ya upasuaji."

Mama alisikia neno moja tu. Mengine yote yalimpita. Walipofika nyumbani alipiga marufuku.

"Neno lile lisitajwe humu ndani. Ukilitaja, unaliita."

Basi ugonjwa ukaitwa "yule". Binti akashindwa hata kuuliza watakwenda saa ngapi. Siku ya upasuaji ilifika, mama akaketi kushona kama kawaida. Binti alimtazama, roho ikimuuma, lakini hakuthubutu kusema kitu.

Kesho yake jirani yao, muuguzi, alikuja kuchukua sare yake. Binti uvumilivu ukamwisha.

"Shangazi, mama hakwenda hospitali jana. Ana..."

"Nyamaza!" mama alisema.

"Sinyamazi, mama. Nisamehe. Ana saratani."

Cherehani ilisimama. Muuguzi alivuta kiti, akakaa karibu na mama.

"Dada, unajua maana ya neno hilo?"

"Kifo. Nani asiyejua?"

"Hapana. Maana yake ni kaa, yule wa majini, mwenye miguu mingi."

Mama alimkodolea macho. "Unanifanyia mzaha na ugonjwa wangu?"

"Sifanyi mzaha. Zamani sana, madaktari wa Kiyunani waliona uvimbe uliozungukwa na mishipa. Inasemekana mishipa ile iliwakumbusha miguu ya kaa. Wakauita karkinos, yaani kaa. Kwa Kilatini kaa ni cancer, na ugonjwa ukaitwa hivyo hivyo. Waingereza wakalichukua neno hilo, nasi tukapata kansa. Waarabu nao, kaa wanamwita saratan. Kwao ndiko tulikopata saratani."

"Kwa hiyo hakuna aliyesema kifo?"

"Hata mmoja. Waliutazama ugonjwa, wakaupa jina ili waelezane. Kulitaja hakudhuru, dada. Kuchelewa ndiko kunakodhuru. Wengi wanaowahi matibabu hupona."

Mama aliinamia mikono yake.

"Naogopa," alisema mwishowe.

"Na mimi naogopa, mama," binti alisema. Wakalia pamoja, na muuguzi akawaacha walie.

Asubuhi iliyofuata walikwenda hospitali. Karani wa mapokezi aliuliza mgonjwa anasumbuliwa na nini. Mama alijibu mwenyewe.

"Saratani ya titi. Nilikimbia siku yangu. Nipangieni nyingine."

Alifanyiwa upasuaji, kisha akatumia dawa kwa miezi mingi. Nywele zote zilinyonyoka. "Msusi, kwangu huna kazi tena," alimwambia binti yake. Binti akacheka huku machozi yanamtoka.

Sasa mama anashona tena, ingawa mkono wa upande uliopasuliwa huchoka upesi. Kila anapoitwa kupimwa, huenda. Vipimo vya mwisho vilikuwa safi.

Titi moja lilikwenda. Mama alibaki.