Nilitunga "Mahali", Ikaimbwa "Mahari"

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ninaishi na mamangu Kiandutu, hapa Thika. Shuleni ninajulikana kwa mambo mawili: kuchekesha watu na kuimba soul. La kwanza limenifikisha kwa ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu mara nyingi. La pili ndilo lililonivunja roho...

Mtacheka mahali fulani humu ndani. Chekeni tu. Hata wao walicheka.

Ulimi wangu hauna L. Kila L inatoka R. Nilipogombea uprefekti nilisimama mbele ya shule nikawaahidi kula kushiba, wakasikia kura. Walisikia vizuri! Baba ndiye aliniachia huo ulimi. Akisema "lala" utadhani ni posho mill, mashine ya kusaga unga, imewashwa. Lakini mimi na yeye tulielewana bila mkalimani. Aliniita Maitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mamake.

Nilianza kutunga nyimbo nikiwa darasa la sita. Niliimba kanisani, nikaitwa matangani, nikaitwa matanga mengine... Watu wa Thika wakifiwa, wananikumbuka! Sauti yangu ni nzito, ya polepole, inatoka tumboni. Mzee mmoja aliniambia naimba kama mjane. Sijui alikuwa ananisifu ama ananitusi.

Halafu siku moja Guka, babake mama, akaja kututembelea. Akamkuta Baba amekalia kiti chake cha kila siku, kile cha kando ya mlango. Guka akasema mbele ya majirani: "Mtu hajaniletea hata mbuzi moja ya mahari, na anakaa hivyo kama mwenye boma!"

Baba aliinuka. Alichukua koti lake akatoka. Tukaja kusikia anafanya kazi ya mjengo Ruiru. Ruiru ni hapo tu, jamani! Lakini mtu akiaibishwa, hata hapo tu huwa mbali.

Mama hakuruhusu mtu akalie kile kiti tena. Mimi nikatunga wimbo:

*Mahali yako bado iko,*
*Baba, kuja ukae.*

Najua, najua. Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka "mahali pako bado papo". Lakini sikuwa namwimbia mwalimu.

Nikajirekodi kwa simu, nikamtumia rafiki yangu Shiro wa Witeithie ajifunze sauti ya pili. Ya pili tu! Shiro anaongea Kiswahili safi kama mtangazaji wa redio. Akanipigia: "Manze, hapa unasema mahali ama mahari?"

Mtu mwenye akili angejibu swali. Mimi nikamwambia, "Andika mbuzi thelathini na blanketi ya cucu!" Yaani mahari kamili, hadi blanketi ya nyanya mzaa mama. Tukacheka hadi tukashika mbavu. Hakujua kwa nini Baba alitoka. Hiyo aibu sikuwa nimemwambia mtu.

Kanisa letu likatangaza siku ya vipaji. Nilimpigia Baba, nikambembeleza, nikalia kidogo (machozi ya kweli, si yale ya kuomba ruhusa). Mwishowe akasema, "Sawa, Maitu. Nitasimama tu hapo nyuma."

Asubuhi hiyo Mama aliosha kile kiti akakianika juani. Niliangalia tu mikono yake inavyosugua, nikajua naenda kuimbia nini.

Na Baba akaja! Nilimwona mlangoni, koti lile lile, kofia mkononi. Nikapanda jukwaani. Maikrofoni ikakataa. Mwenye kuendesha sherehe akasema tuwekewe kitu cha kuchangamsha watu wakati inarekebishwa.

Ikawekwa sauti ya Shiro...

*Mahari yako bado iko...*

R imenyooka kama rula! Kuna kinanda, kuna ngoma, na kuna ubeti ambao sikuutunga mimi: *Mbuzi ziko wapi, Baba? Hata moja sijaona.*

Niligeuka. Shiro alikuwa kando yangu akitabasamu. Alikuwa ameenda studio huko Ruiru peke yake, kimya kimya, akawapa watu wa mitambo rekodi. "Supraizi!" akaninong'oneza. "Na usiseme nimekuibia. Si nimekuandika jina?"

Mwenye sherehe naye akapaaza sauti: "Huu wimbo umetungwa na msichana wetu wa hapa hapa, Nyambura wa Kamau!"

Wa Kamau, jina la Baba! Kina mama wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Mmoja akaapa wimbo utachezwa kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya bintiye. Nikaangalia mlangoni. Baba alikuwa anavaa kofia.

Ghafla maikrofoni ikaamka. Nikaishika kwa mikono miwili nikapiga kelele:

"Baba, si mahari! Ni mahari!"

Kanisa likalipuka kwa kicheko.

"Si mahari! Ni... ma-ha-ri!"

"Ngai, huyu Nyambura atatuua!" mtu akasema. Pasta alikuwa anapangusa machozi. Walidhani ni vituko vyangu vya kawaida! Ningewalaumu vipi? Nani aliwazoesha?

Nilikimbia nje. Baba hakuwa barabarani.

Jioni akatuma ujumbe: "Nitarudi nikiwa nayo. Usiniimbe tena, Maitu."

Nikiwa nayo... Tangu siku hiyo namba yake haipatikani.

Shiro aliniambia, "Nilikuuliza, ukacheka!" Ni kweli. Na pia ni kweli kwamba hakuniuliza kabla ya kwenda studio. Hatuongei. Wimbo unapigwa hadi Kalimoni, na mimi nimeacha kuimba, hata matangani.

Wasomaji wenzangu, nawasihi... ukiwa na neno la mtu wako, mpelekee mwenyewe, mkiwa wawili. Usilipitishe kwa mdomo wa mtu mwingine, hata kama unaimba kukushinda. Na ukiulizwa swali la maana, jibu kwanza. Utachekesha baadaye.

Kila jioni nasimama mbele ya kile kiti nikijifunza: la, le, li... Inatoka ra, re, ri. Mama husikia, hanicheki.

Ndiyo maana leo nimeandika. Kwa maandishi ulimi hauna kazi. Baba, kama hii imekufikia Ruiru: mahali. Ni L, Baba. Mahali yako bado iko.